Kabla ya kumtafutia kijana wa Lamu chuo kikuu cha dini

Ndugu zetu wa Lamu mlioko ughaibuni, maombi haya mnayajua: mtafutieni kijana nafasi akasomee Uislamu. Kijana mwenyewe Safina, kitabu cha mwanzo cha fiqhi, ameimaliza kwa masheikh, nahau (sarufi ya Kiarabu) anaijua, cheti cha KCSE cha kumaliza sekondari anacho. Basi kabla ya kujaza fomu ulizeni: chuo hicho kitamfundisha dini aje aitumikie, au kinauchunguza Uislamu kama historia na maisha ya watu?

Chukueni hadithi ya nia, ile inayofungua Arubaini ya Imam Nawawi. Katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, atasoma sanadi yake, yaani mlolongo wa walioipokea, hali za wapokezi hao na hukumu zinazotokana nayo. Akienda Leiden, Uholanzi, kulikokuwa na profesa wa Kiarabu tangu 1613, au SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika pale London, ataulizwa hadithi zilikusanywa vipi, lini, na watafiti wanabishania nini. Mwalimu huenda si Mwislamu, na kijana hapati alama kwa imani yake. Ni elimu ya maana sana kwa anayetaka utafiti au uandishi. Lakini anayeutaka ukadhi asiitegemee peke yake. Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya kinamtaka kadhi awe na ujuzi wa sheria ya Kiislamu.

Ujerumani zipo njia zote mbili. Mbali na idara kongwe za utafiti, miaka ya 2010 vyuo vikuu vya umma kama Tübingen, Münster na Osnabrück vilianza kufundisha theolojia ya Kiislamu, walimu wakiwa Waislamu. Kijerumani lazima akijue vizuri.

Hata vyuo vya dini havifanani. Al-Azhar ya Cairo inafundisha madhehebu manne ya Kisunni, yakiwemo ya Shafi, na Mshafi wa Lamu atakutana na vitabu alivyovizoea. Madina mwelekeo ni wa Kisalafi, unaoyaona Maulidi kuwa uzushi, na kijana aliyelelewa na Maulidi ya msikiti wa Riyadha wa Lamu atasikia yakipingwa darasani. Zungumzeni naye mapema, na wazee wawepo.

Lugha msiichukulie kwa wepesi. Madina ina masomo ya Kiarabu kwa wageni. Aombe kupimwa, asirudishwe kwenye alifu wakati nahau anayo. Uingereza, vyuo vingi humtaka mwenye KCSE aanze na mwaka wa matayarisho, nao hulipiwa. Ombeni orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza, mmtumie sheikh wake aisome kabla hamjalipa chochote.