Somo: Kupanga nodi za unyevu wa udongo kwenye hekta 1 ya mahindi

Ukifunga mtandao wa vihisi pasiwaya (kila nodi ni kifaa chenye kihisi, redio na betri), maswali ni mawili, na watu wengi hujibu moja tu. Data inafika? Huo ni muunganiko. Je, kila kipande cha shamba kina kihisi cha kukisemea? Huko ndiko kufunika eneo. Nodi zote zinaweza kusikika vizuri huku robo ya shamba haipimwi.

Hatua ya 1. Amua umbali wa upimaji. Kihisi cha unyevu hugusa sentimita chache tu za udongo, kwa hiyo umbali huu unaupanga wewe: kipimo kimoja kiwakilishe hadi wapi? Tuchukue mita 15. Kama shamba lina udongo wa kichanga huku na wa mfinyanzi kule, punguza.

Hatua ya 2. Panga kwa pembetatu. Nodi hadi nodi isizidi umbali wa upimaji mara 1.73, kwa miraba ni mara 1.41. Kikomo chetu ni karibu mita 26, tumia 25, na safu ziachane mita 22. Shamba likiwa mita 100 kwa 100, safu ya kwanza ikae mita 7 kutoka ukingo wa chini na iwe na nodi 4, nodi ya kwanza ikiwa mita 12.5 kutoka ukingo wa kushoto. Safu ya pili ina nodi 5, ikianzia kwenye ukingo wa kushoto kabisa. Pokezanisha 4, 5, 4, 5, 4. Jumla 22, miraba ingekula 25.

Hatua ya 3. Pima redio palepale shambani. Redio ikifika mara mbili ya umbali wa upimaji (hapa mita 30), eneo likishafunikwa lote mtandao unaungana wenyewe. Umbali ulioandikwa kwenye boksi usiuamini. Achanisha nodi mbili mita 30, tuma pakiti (vifurushi vidogo vya data) 100 kwenda na 100 kurudi. Zikifika chini ya 90 upande wowote, haijapita. A kumsikia B si hakikisho kwamba B anamsikia A.

Kosa kubwa ni kupima mahindi yakiwa ya magotini. Yakikomaa, majani mabichi hunyonya mawimbi ya 2.4 GHz, ambayo redio hizi hutumia. Kwa mita 30, acha uwazi wa karibu sentimita 60 kati ya vilele na mstari wa antena: mahindi ya mita 2.2 yanataka nguzo ya mita 2.8.

Hatua ya 4. Kituo cha kukusanyia data kiweke katikati. Kikiwa kwenye kona, nodi moja au mbili za jirani zinabeba mzigo wa wenzao wote na kufa kwanza. Shamba zima linanyamaza, na betri za nyingine bado zimejaa.

MASWALI

Mkuu, nodi moja ya ndani imekufa lakini data za nyingine zinakuja kama kawaida. Niiache?
— Hapana. Nodi ya ndani ina majirani 6, ndiyo maana njia hazikukatika. Kilichotoboka ni upimaji: pale hakuna anayepima, na skrini haitakuambia.

Betri za AA zinaisha siku ya tano, na natuma mara moja tu kwa saa. Tatizo nini?
— Redio hailali. Chipu ya redio ya CC2420, kwa mfano, hula mA (miliampea) 18.8 ikisikiliza na 17.4 ikituma, kwa hiyo kusikiliza bure ni ghali kuliko kutuma. Gawa mAh 2500, uwezo wa betri, kwa 18.8: saa 133. Iamshe asilimia 1 ya muda tu, nodi zote kwa ratiba moja.

Pakiti zinapotea karibu na nyumba tu.
— Hiyo ni WiFi. Kama ruta iko chaneli 1, 6 au 11, hamishia nodi zote chaneli 25 ya redio zao (namba za IEEE 802.15.4, si za WiFi).