Kranberi haioti Igombe, choya inaota: nipandavyo mimi

Mdogo wangu anayeishi Wisconsin, Marekani, alinitumia picha ya wanaume waliosimama majini hadi kiunoni, wamezungukwa na matunda madogo mekundu yanayoelea. Nikaitazama ile picha, nikalitazama ziwa lililo mbele ya nyumba yangu hapa Igombe, Mwanza, nikajiambia tunda hili, kranberi, litatufaa. Nikaagiza mbegu, nikazipanda bondeni karibu na matete, mahali ambapo hata kiangazi ukichimba kidogo unakuta maji. Nilisubiri miezi mitatu. Haikuota hata moja.

Tangu hapo kina mama wengi wameniuliza mbegu za kranberi, hasa wanaosumbuliwa na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), kwa hiyo naeleza kwanza kwa nini nimeacha.

Kranberi haiishi majini kama ile picha inavyodanganya macho. Ni mmea unaotambaa, wa kijani mwaka mzima, na matunda yake hutoka kwenye vijitawi vifupi vilivyosimama wima. Maji hufunguliwa shambani wakati wa kuvuna, tunda linaelea kwa sababu ndani lina vyumba vinne vya hewa. Baadaye hufunguliwa tena ili mimea isiunguzwe na baridi kali. Ile ya porini huota kwenye vinamasi vya kaskazini mwa Ulaya na Marekani, udongo mchachu usio na rutuba. Ya kulimwa ilianzia Massachusetts: mwaka 1816 Henry Hall wa mji wa Dennis aliona kwamba pale upepo ulipomwaga mchanga juu ya mimea ya porini, ilizaa vizuri zaidi. Hadi leo wakulima wa kule humwaga mchanga shambani kila baada ya miaka michache.

Mchanga tunao. Tunachokosa ni baridi. Kranberi lazima ilale zaidi ya saa 1,000 kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 ndipo itoe maua, na Mwanza hata usiku wa Julai haukaribii huko. Mbegu zenyewe zinataka miezi ya ubaridi na unyevu kabla hazijaota. Mimi nilizipeleka moja kwa moja kwenye joto.

Kama unachotaka ni kitu chekundu, kichachu, cha juisi na jamu, panda choya, ambayo wengine wanaiita rozela.

Kosa langu la pili lilikuwa kuipeleka choya kwenye bonde lile lile. Ilifika magotini, ikaanza kunyauka, nikang'oa nikakuta mizizi imeoza. Mzee jirani alisimama pembeni akaniambia, "Mayu (mama), hii ni ya luseni, siyo ya mbuga." Alisema kweli. Luseni, ule udongo wetu wa kichanga kwenye miteremko ya mawe, unaopitisha maji haraka, ndio choya inaoupenda. Kama shamba lako ni la mbuga, yaani udongo wa bondeni unaoshika maji, inua matuta.

Kuna jambo la kuangalia kabla ya jembe: palilimwa nini msimu uliopita? Choya ni ndugu wa bamia na pamba. Kangambili wa pamba watahamia kwako, na minyoo ya mizizi iliyobaki kwenye bamia au nyanya itaingia kwenye choya. Mimi naipanda palipotoka mahindi.

Napanda mvua za masika zinapoanza kushika, ili mavuno yaangukie kiangazi ninapohitaji kuanika. Mbegu tatu kila shimo, kina cha sentimeta 2, mita 1 kati ya mistari na sentimeta 60 kati ya mashina. Zikifika urefu wa kiganja naacha shina moja, na ninayong'oa nachuma majani tunakula mboga. Likifika magotini nakata kilele, litoe matawi mengi. Samadi weka kidogo na iwe imeoza. Ukiizidisha utapata kichaka kizuri cha majani na maua ya kuhesabu.

Tunachokiita ua la choya ni vile vikombe vyekundu vinavyobaki baada ya ua lenyewe kudondoka. Vikinenepa, vikikatika kwa mlio ukivivunja, vuna. Ukingoja hadi tumba la mbegu lianze kupasuka, vikombe vinakuwa vigumu kama ngozi. Mimi navuna asubuhi kwa kisu, kila baada ya siku chache, kwa sababu haviivi pamoja. Kutoa mbegu tumia kipande cha bomba jembamba la chuma: bonyeza kwenye kitako cha kikombe, tumba linatokea upande wa pili, kikombe kinabaki kizima.

Kuanika ndiko kunakoharibu kazi ya wengi. Usianike chini, usianike juani siku nzima, rangi inapauka. Tengeneza uchaga wa wavu kivulini penye upepo, funika na kipande cha chandarua, maana wingu la vijidudu likiinuka ziwani linatua kwenye kila kitu kilicholowa. Na kaa mbali na wanaoanika dagaa. Choya inashika harufu, na mteja akiinusa hatarudi. Kwa mizani yangu, kilo 8 hadi 10 mbichi hutoa kilo 1 kavu.

Kwa wale wa UTI: juisi ya kranberi inaweza kusaidia kuzuia isirudi mara kwa mara, haitibu iliyokwisha kuanza, na choya msiichukue kama mbadala wa dawa. Nendeni zahanati mkapime. Anayetumia dawa za presha amuulize daktari kwanza, kwa kuwa choya nayo hushusha presha.

Mbegu zinazotoka kwenye bomba ni changa, hazifai kupandwa. Chagua mashina matatu yenye afya, usiyaguse, yaache yakauke shambani hadi matumba yapasuke yenyewe.