Kulinganisha tungamo za protoni, nyutroni na elektroni kwa kikokotoo

Unahitaji kikokotoo cha sayansi, karatasi na namba hizi za tungamo za chembe tatu zinazounda atomi. Zinakili zilivyo, usipunguze hata tarakimu moja:

Protoni: 1.007276 u, au kilo 1.67262 × 10⁻²⁷
Nyutroni: 1.008665 u, au kilo 1.67493 × 10⁻²⁷
Elektroni: 0.000549 u, au kilo 9.10938 × 10⁻³¹

Herufi u ni kizio cha tungamo ya atomi: sehemu moja ya kumi na mbili ya atomi ya kaboni-12.

Hatua ya 1: Gawanya

Gawanya kilo za protoni kwa kilo za elektroni. Jibu ni 1,836.15. Kwa nyutroni utapata kama 1,838.7.

Wengi huharibikiwa kwenye vitufe. Kitufe cha EXP tayari kina "mara kumi" ndani yake, kwa hiyo ukibonyeza × 10 kisha EXP, namba yako imeshakuwa kubwa mara kumi. Ukiandika kwa × 10 ^, funga kila namba kwenye mabano, la sivyo kikokotoo kitagawanya kwa 9.10938 peke yake, kisha kizidishe kwa 10⁻³¹. Ukiona 1.836 imefuatwa na kipeo cha −59, ujue mabano yamesahaulika.

Ili uone uwiano huo una maana gani, chukua lita moja ya maji, yenye tungamo ya kilo moja. Elektroni zote zilizomo humo, ukizikusanya, hazifiki hata nusu gramu: ni kama gramu 0.3 tu.

Hatua ya 2: Toa protoni kwenye nyutroni

1.008665 − 1.007276 = 0.001389 u. Tungamo inaweza kuhesabiwa kama nishati, na u moja ni sawa na MeV 931.494 (MeV, yaani megaelektronivolti, ni kizio cha nishati). Kwa hiyo zidisha kwa 931.494: karibu MeV 1.29.

Usiidharau tofauti hii kwa udogo wake. Elektroni ni MeV 0.511, kwa hiyo nyutroni ina ziada ya kutosha kutengeneza elektroni na bado ikabaki nyingine. Ndiyo maana nyutroni iliyo nje ya kiini cha atomi haidumu: huvunjika ikawa protoni, elektroni na antinyutrino (chembe ndogo mno isiyo na chaji), na nusuhai yake, yaani muda wa nusu ya nyutroni kuvunjika, ni dakika 10 hivi. Mwanafunzi aliyekariri kwamba protoni na nyutroni "zote ni 1" hawezi kuliona jambo hili kabisa.

Hatua ya 3: Jumlisha sehemu za heli-4, kisha linganisha na atomi nzima

Protoni mbili: 2.014552
Nyutroni mbili: 2.017330
Elektroni mbili: 0.001098
Jumla: 4.032980 u

Atomi ya heli-4 iliyopimwa ina 4.002603 u. Pungufu ni 0.030377 u. Zidisha kwa 931.494: MeV 28.3. Hiyo ndiyo nishati iliyotoka sehemu hizo ziliposhikana, na ni hiyo hiyo utakayoidaiwa ukitaka kuzitenganisha.

Jibu likikataa, lenyewe litakuonyesha ulipokosea. Ukipata 27.3, umeacha elektroni: 4.002603 ni tungamo ya atomi nzima, si ya kiini, na MeV 1.02 zilizopotea ni elektroni mbili za 0.511. Ukipata 37, umekadiria mapema, yaani 1.01 kwa kila protoni na nyutroni, na 4.00 kwa atomi. Unachotafuta hapa hakifiki hata asilimia moja ya jumla, na ukikadiria kabla ya kutoa, makosa ya makadirio yanaweza kulikaribia jibu lenyewe kwa ukubwa. Kadiria mwishoni tu.

Jipime kwa haidrojeni-2, yenye protoni moja, nyutroni moja na elektroni moja. Atomi yake ni 2.014102 u. Jibu ni MeV 2.22. Ukipata 1.71, rudi uitafute elektroni yako.