Jinsi ya kuzuia tarumbeta la silva lisiwe jeusi (na kwa nini kasha ndilo la kwanza kushukiwa)

Kijana mmoja wa kikundi chetu cha tarumbeta hapa Tanga alipewa yufoniamu ya mtumba (lile kama tuba ndogo), ya brasi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, iliyopakwa silva, nzuri ya kutamanisha. Kila Jumamosi aliisugua kwa dawa mpaka ikamulika, na Jumamosi iliyofuata aliikuta imerudia umanjano, kwenye mikunjo kahawia kabisa. Tulipokaa kuikagua, tatizo halikuwa uvivu wala dawa mbaya. Lilikuwa ndani ya kasha lake. Haya nimeyaandika kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye chombo cha namna hiyo. Nikisema "tarumbeta" humu nina maana ya vyote, kuanzia koneti hadi tuba, kama tunavyosema kanisani.

Silva haili kutu kama chuma. Inachoungana nacho ni salfa, hasa ile gesi yenye harufu ya yai viza, haidrojeni salfaidi, na inatosha hata kwa kiasi ambacho pua haikisikii. Utando unaozaliwa huanza manjano hafifu, ukawa kahawia, ukapita kwenye zambarau na bluu, mwisho mweusi. Unyevu huuharakisha. Kwa hiyo sisi wa pwani tumebanwa pande mbili: hewa ina maji karibu mwaka mzima, na maji yakipwa tope la mikoko hutoa gesi hiyohiyo. Masika ndiyo usiseme.

Na kusugua si kuzuia. Dawa ya kusugua huondoa weusi pamoja na silva yenyewe iliyogeuka kuwa weusi, na ya ziada kidogo. Utando wa silva kwenye tarumbeta mara nyingi ni mikroni chache tu, ilhali unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Ukisugua kila wiki, miaka si mingi utaanza kuona brasi ya njano pale vidole vinaposhika.

Hatua ya 1: Hakikisha ni silva

Si kila cheupe ni silva. Nikeli nayo ni nyeupe, lakini haiwi nyeusi. Hufifia tu, ikawa kama ina ukungu. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, tia tone la dawa ya silva, sugua mahali palipojificha. Kitambaa kikitoka na weusi na chini pakabaki peupe, ni silva. Kama juu ya silva pamepakwa vanishi, usitumie dawa yoyote, maji na sabuni basi.

Waingereza ndio wapenzi wakubwa wa silva. Bendi zao nyingi zina neno Silver hadi kwenye jina. Vyombo vinavyotoka Ujerumani, ambavyo makanisa yetu ya Kilutheri yamevizoea zaidi, kwa kawaida ni brasi yenye vanishi, na mwongozo huu hauvihusu.

Hatua ya 2: Osha

Maji vuguvugu, sabuni ya vyombo, suuza, kausha. Kutoa pistoni unajua. Ila vumbi litangulie kutoka kwa maji kabla kitambaa hakijagusa chombo. Tarumbeta lililozunguka na msafara wa harusi nyuma ya pikapu lina mchanga mwembamba kila mahali, na ukilifuta kavu unalichora.

Hatua ya 3: Ondoa weusi uliopo, mara moja

Unataka kuanza na uso safi, kwa hiyo safari hii moja tunasugua. Mimi natumia dawa iliyoandikwa kuwa ni ya silva, kidogo sana, kwenye kitambaa laini cha pamba, nikienda kwa kufuata urefu wa bomba na si kwa kuzungusha. Weusi ukiwa mwepesi, kitambaa chenye dawa ndani yake, kile kinachouzwa kwa ajili ya vidani, kinatosha peke yake.

Visivyoruhusiwa kwangu:

Brasso. Najua polisi na wanajeshi wameinua heshima yake kwa vifungo na mikanda, na kwa brasi tupu ni dawa nzuri. Kwa utando wa silva ni kali mno.

Dawa ya meno. Ndani yake mna unga wa kusugulia. Jino ni gumu kuliko silva.

Ndimu, ukwaju, majivu. Bibi zetu wameng'arisha masinia ya shaba kwa ukwaju na yakapendeza. Sinia ni shaba mpaka ndani, ukiila kidogo bado ipo. Hapa asidi inaingia penye mkwaruzo, inaanza kuila brasi iliyo chini ya silva.

Foili na bikaboneti ya soda kwenye maji moto. Hii inasambaa sana mitandaoni na kweli inafanya kazi: salfa inaiacha silva na kuifuata alumini, silva inabaki, na utasikia ile harufu ya yai viza ikipanda. Kwa kile kipande cha kupulizia nakubali, maana hakina maungio wala nyuzi. Kwa chombo kizima nakataa. Maji hayo yanaingia kwenye maungio, yanakuta vizibo, vitambaa na springi, na silva iliyorudi hubaki haina mng'ao, kwa hiyo utasugua tu hata hivyo.

Hatua ya 4: Kasha

Hapa ndipo muda unapotea, na watu wengi hawafiki kabisa. Tarumbeta hupigwa saa chache kwa wiki. Saa nyingine zote limefungiwa kwenye kisanduku kidogo pamoja na sponji, gundi, kitambaa na chochote ulichotupia humo. Kimoja tu kikitoa salfa, haina pa kwenda isipokuwa kwenye silva.

Toa kila kitu. Kwenye kasha la yule kijana tulikuta gazeti lililokunjwa kuzuia chombo kisicheze, soksi ya sufu iliyobeba kipande cha kupulizia, na mipira ya kufungia noti imezungushwa kwenye mrija mmoja ili usichomoke. Palipopita mpira pana mstari mweusi, upana uleule wa mpira, kingo zake zimenyooka kama zimechorwa kwa rula. Mpira hukomazwa kwa salfa. Sufu ina salfa kwa maumbile yake, kama nywele. Karatasi ya gazeti nayo usiiweke karibu.

Hivyo vitatu ni rahisi kuvitambua. Kigumu ni kasha lenyewe, kwa sababu huwezi kujua sponji imetengenezwa na nini kwa kuitazama. Makumbusho ya British Museum yalikutana na tatizo hilohilo kwenye makabati ya maonyesho, na mwaka 1973 Andrew Oddy akatoa kipimo ambacho makumbusho bado yanakitumia: unafungia kitu unachokishuku pamoja na kipande safi cha silva, shaba au risasi na unyevu kidogo, kwenye joto la nyuzi 60, siku 28, kisha unatazama kipande hicho kama kimegeuka rangi. Huhitaji maabara. Nyumbani mimi nafanya hivi.

Tafuta mitungi miwili ya kioo inayofanana, na hereni mbili za silva halisi, zile zenye muhuri wa 925. Nasema hereni kwa sababu zinakuja pacha, silva ileile, umbo lilelile. Zing'arishe zote kwa kitambaa kimoja, zioshe kwa sabuni, suuza sana, kausha, na kuanzia hapo usizishike kwa vidole vitupu.

Kata kipande cha sponji cha ukubwa wa kiberiti, kiweke kwenye mtungi wa kwanza. Mtungi wa pili usiwe na kitu. Huo wa pili usiuache hata kama unaona unapoteza hereni, maana bila huo hutajua kama weusi umeletwa na sponji au na hewa ya nyumba yako. Ndani ya kila mtungi simamisha kichupa kidogo cha kioo chenye maji. Ning'iniza hereni kwa uzi mweupe wa pamba isiguse sponji, isiguse maji, isiguse ukuta.

Sasa kifuniko. Vifuniko vingi vya mitungi ya jamu vina ukanda wa mpira au plastiki laini upande wa ndani, na huo wenyewe unaweza kuharibu kipimo chote. Funika mdomo wa mtungi kwa foili mara mbili kwanza, ndipo ufunge. Hereni zote mbili zikigeuka rangi, shuku kifuniko, sabuni isiyosuuzwa vizuri au vidole vyako, uanze upya.

Weka mitungi yote pamoja mahali pa joto, dirishani panapopigwa na jua kwa mfano. Joto la hapo halifiki la maabara, kwa hiyo usiwe na haraka; wiki nne, na zikipita bado ni nzuri zaidi. Mwisho zitoe, ziweke ubavuni kwa ubavu juu ya karatasi nyeupe, karibu na mlango mchana. Ya sponji ikiwa na umanjano ambao mwenzake hana, sponji hiyo itoke kwenye kasha lako.

Gundi ipime ikishakauka kabisa, si mbichi. Kila kitu kipime peke yake. Ukichanganya sponji na kitambaa kwenye mtungi mmoja utapata jibu lisilo na faida. Na kitu kilichofaulu leo ukinunua kingine dukani, hata kama muuzaji ni yuleyule, ni kingine.

Kama huna subira ya wiki nne, shika haya: pamba safi, poliesta na plastiki ya poliethilini (ile ya mifuko ya zipu) kwa kawaida ni salama. Sponji ya magodoro inafaa kuliko ya mpira, ingawa ikizeeka inageuka unga. Mpira wa aina yoyote, sufu, gundi ya viatu na ile plastiki laini inayonuka kama kitambaa kipya cha meza, hapana.

Kwa kulifunikia tarumbeta, nenda duka la vitambaa ununue marekani. Ichemshe na sabuni itoe wanga wake, suuza mara kadhaa, anika, shona mfuko mpana. Kanga kuukuu nayo inafaa ikiwa ni pamba kweli. Siku hizi nyingi si pamba, kwa hiyo chomoa uzi uuchome. Pamba huacha majivu na harufu ya karatasi, poliesta hujikunja ikawa kidonge kigumu. Poliesta haina madhara kwa silva, ila hainyonyi jasho. Kaniki na kitambaa chochote cheusi cha pamba kiache: rangi nyeusi nyingi za pamba ni za salfa.

Vipakiti vya silika vile vya kwenye masanduku ya viatu vinasaidia kidogo, lakini hapa pwani vinashiba maji upesi, na kipakiti kilichoshiba hakifanyi kazi yoyote. Nunua ile ya punje zinazobadilika rangi, uikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 hivi kila inapogeuka. Jua halitoshi. Mchele usihangaike nao. Mkaa wa kupikia pia usihangaike nao, utachafua tu. Unaonyonya gesi vizuri ni ule ulioamilishwa, unaouzwa kwa ajili ya matangi ya samaki. Tia kwenye kimfuko cha pamba, ukiweke pembeni kisiguse chombo. Vipo pia vikaratasi maalumu vya kuzuia weusi. Vikipatikana, andika tarehe uliyoviweka, kwa sababu vikichoka havibadiliki sura.

Hatua ya 5: Kila ukimaliza kupiga

Toa maji, futa jasho kwa kitambaa kikavu cha pamba, acha tarumbeta lipate hewa dakika kadhaa ndipo lifungwe. Chumvi ya jasho ina madhara yake mbali na salfa, hasa chini ya ngozi ile wanayofunga kwenye pistoni kuzuia mikono. Ngozi hiyo huficha jasho mchana kutwa. Ifungue kila mara au usiifunge kabisa, mimi sifungi.

Nawa mikono kabla. Najua mkisubiri bibi harusi atoke mnanunua mayai ya kuchemsha na kachumbari, lakini yai na kitunguu vyote vina salfa, na kijiko cha silva kinajua hivyo.

Glovu ziwe za pamba. Zile za mpira za hospitali ni mpira, rudi hatua ya 4.

Hatua ya 6: Nta, ukipenda

Nta laini ya kuhifadhia vyuma, ikipakwa nyembamba sana na kung'arishwa, huzuia hewa isifike kwenye silva. Ipake kwenye mdomo mpana wa mbele na mabomba ambayo hayashikwi. Penye vidole haikai, na kwenye pistoni, mirija ya kuvuta na kipande cha kupulizia isifike kabisa.

Umanjano ukianza kuonekana, uwahi kwa kitambaa kikavu kabla haujawa kahawia, bila dawa. Na kama tayari kuna mahali brasi imetokeza, hapo usipeleke dawa tena. Osha, futa, na kabla ya kufunga kasha angalia kama pana doa la rangi ya waridi. Likiwepo, brasi inapoteza zinki yake, mara nyingi kuanzia ndani ya bomba, na hiyo ni kazi ya fundi.