Jinsi ya kutengeneza kijitabu cha shairi la kutazama (neno moja tu linatosha)

Watu wengi wakisikia shairi la kutazama wanadhani unachukua shairi la kawaida, mizani kumi na sita, vina kati na mwisho, halafu unachora ua pembeni. Hapana aisee. Shairi la kutazama ni lile ambalo ukilisoma redioni linakufa, kwa sababu maana imekaa kwenye karatasi yenyewe, kwenye mkunjo, kwenye herufi iliyokatwa, kwenye sehemu iliyoachwa wazi. Bibi zetu wanaijua hii, we angalia kanga, jina lake halisomwi na aliyevaa, anasoma anayemfuata nyuma, na ujumbe mara nyingi ni wa huyo huyo wa nyuma.

Sasa tukitaka kulitumia kwa mambo ya siasa, kosa la kwanza la kila mtu ni kujaza maneno. Anza na neno moja. Mi nitatumia WALIPOTEA na nieleze nimelitoa wapi.

Argentina mwaka 1976 wanajeshi walipindua serikali, watu wakawa wanachukuliwa usiku majumbani hawaonekani tena, na wazazi wakienda kuuliza wanaambiwa hatujui, labda katoroka nje ya nchi. Mji wa La Plata kulikuwa na msanii anaitwa Edgardo Antonio Vigo, fundi wa kuchonga mbao na mihuri, ambaye kuanzia 1971 mpaka 1975 alikuwa anatoa jarida la Hexágono '71, na jarida lenyewe halikupigwa pini wala gundi, ni karatasi huru ndani ya bahasha unazipanga mwenyewe utakavyo. Mwaka huo wa 1976 mwanawe akachukuliwa. Hakurudi. Na kule neno lililobaki midomoni mwa watu ni "waliotoweka", neno la upole mno kwa kitu kile, maana kutoweka ni kama moshi, hakuna mtu aliyefanya kitu.

Kiswahili hapa kimetupendelea. Chukua WALIPOTEA, ingiza ZW kabla ya A ya mwisho, unapata WALIPOTEZWA. Herufi mbili tu na ghafla kuna mtu aliyefanya. Basi kazi yetu ni kuzificha hizo mbili ndani ya karatasi.

Kata A4 katikati kwa urefu ili upate utepe wa sentimita 29.7 kwa 10.5. Piga mistari ya penseli kila sentimita 2.5, vyumba 11, kinachobaki gawanya pembeni. Andika WALIPOTEZWA kwa herufi kubwa kwa maka peni, kila herufi chumba chake na iguse kuta zake. Halafu mikunjo mitatu: kati ya E na Z kunja kwenda nyuma, kati ya Z na W mkunjo uje mbele, kati ya W na A tena nyuma. Ukibana, Z na W zinatazamana gizani huko nyuma na E inakutana na A, unasoma WALIPOTEA. Ukivuta ncha mbili, neno linasema ukweli. Chumba cha Z na cha W lazima viwe sawa kabisa, vikipishana hata milimita mbili A inakaa upande na mtu anashtukia mapema kuna kitu. Karatasi nyepesi inatulia ikifungwa, ila mi napenda manila kwa sababu inajifungua yenyewe taratibu, ukiiweka mezani unaondoka, ukirudi imeshasema.

Ukitaka kitabu kamili chenye kurasa 8, A4 moja inatosha na huhitaji pini. Ikunje nusu kwa nusu mara tatu upate vyumba 8, ifungue, ikunje nusu ili ncha fupi zikutane, kisha kata kwa mkasi kuanzia kwenye mkunjo, ukifuata mstari wa katikati, mpaka mkunjo unaofuata na usipite hapo. Fungua, kunja kwa urefu, sukuma ncha mbili ziingie ndani mpaka iwe kama alama ya kujumlisha, zungushia, tayari kitabu. Kurasa nyingine zitakuwa kichwa chini ukiifungua, kwa hiyo kwanza tengeneza kimoja kitupu, andika namba za kurasa, kifungue ndo uone nini kinaenda wapi, usijidanganye utakumbuka kichwani. Raha yake ni kwamba nyuma ya karatasi kuna upande mzima mtupu, yaani msomaji akikifungua chote anakuta bango.

Cha kuweka humo? Jaribu HODI. Ukurasa wa kwanza HODI ndogo chini kabisa, wa pili HODI kubwa kidogo, inaendelea kukua hivyo, na ukurasa wa sita imejaza karatasi ila H imegeuka K, na kurasa mbili za mwisho ni mlango ulio wazi na nyumba tupu. Kama we ni mtu wa uchaguzi kuna KURA na KULA, hiyo kila mtu anaijua kwa hiyo usiitumie kivivu, tafuta kitu cha karatasi, mfano tundu kwenye ukurasa linaloonyesha R, ukifungua tundu lile lile linaonyesha L.

Mihuri sasa. Soli ya ndala ya zamani au raba ya kufutia, wembe, na pedi ya wino. Herufi zinachongwa kinyume, na mi muhuri wangu wa kwanza nilichonga sawa nikatoka na kopi thelathini za Kiarabu kisichokuwepo. Wa kuanzia chonga UTU. U na T ni sawa kushoto kulia na neno lenyewe linasomeka sawa pande zote, huwezi kuliharibu hata ukitaka.

Kusambaza ndo nusu ya shairi. Mbrazil Cildo Meireles alilielewa hili kuliko wote. Oktoba 1975 mwandishi wa habari Vladimir Herzog alifia mikononi mwa jeshi São Paulo, wakasema kajinyonga. Meireles akapiga muhuri kwenye noti kuuliza nani alimwua Herzog, akaziachia sokoni, maana nani atatupa hela? Kabla ya hapo, mwaka 1970, aliandika kwa rangi nyeupe kwenye chupa tupu za Coca-Cola, chupa ikiwa tupu huoni kitu, kiwanda kikiijaza ndo maandishi yanatokea. La noti usiige, kuharibu fedha ni kosa, ila chukua wazo: weka kwenye kitu ambacho tayari kinatembea na hakuna anayekitupa.

Na tusidanganyane, karatasi ndogo inafunga watu. Clemente Padín na Jorge Caraballo wa Uruguay walifungwa 1977 kwa kazi za namna hii, wasanii wa nchi kibao wakaandika barua kuwatetea. Kwetu huku Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikaa ndani 1969 mpaka 1972 kwa kijikaratasi cha "Kenya: Twendapi?", na mashairi ya gerezani akayaandika kwenye karatasi za chooni. Kwa hiyo jina la mwenzio usiliandike bila ruhusa yake, mkononi mpe mtu unayemjua, na usipige picha za nyuso mkiwa mnakunja.

Kitu cha mwisho, kopi. Ile karatasi ya kwanza usiikunje wala usiikate, iache bapa ndani ya kitabu kizito, kwa sababu ukishaikunja kila kopi itatoka na mstari mweusi katikati ya neno.