Anayekuuma Usiku Ni Nani? Kuutambua Utitiri na Wadudu Wengine wa Nyumbani Kabla ya Kununua Dawa

Mama mmoja mfugaji alinipigia simu akiwa ameshapuliza dawa ya kunguni chumbani mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Godoro alikuwa ameanika, chaga amezimwagia maji ya moto, mapazia amefua, na bado watoto walikuwa wanaamka na vipele shingoni na kiunoni. Nilipofika nilikagua mishono ya godoro, kona za kitanda na nyuma ya ubao wa kichwani. Sikuona doa jeusi, wala ganda, wala kunguni mwenyewe. Kilichonishtua ni ukuta: kwa nje lilikuwa limeegemezwa banda la kuku, na juu ya kitanda kulikuwa na dirisha lisilofungika vizuri.

Tulisubiri giza. Kuku walipotulia nilichukua karatasi nyeupe ya chooni, nikaipitisha upande wa chini wa ufito wanaolalia, kisha nikamulika tochi. Karatasi ilitoka na michirizi ya damu, na pembeni yake vidoa vyekundu, vidogo kuliko kichwa cha pini, vinatembea.

"Kumbe si kunguni, bwana shamba?"

"Si kunguni, mama. Ni utitiri wa kuku."

Dawa yote ilikuwa imepulizwa upande usio na mdudu. Tangu siku ile, kila anayeniuliza atumie dawa gani namrudishia swali: mdudu mwenyewe umemwona?

Utitiri ni ndugu wa kupe

Utitiri uko karibu zaidi na kupe na buibui kuliko mende au kiroboto. Uliokomaa una miguu minane, hauna mbawa wala vipapasio. Wadudu kamili wana miguu sita. Tofauti hii ina maana dukani, maana ziko dawa zinazoua wadudu na kuuacha utitiri ukiendelea na shughuli zake. Kwenye mimea baadhi ya dawa hizo huuongeza kabisa, kwa sababu zinawaua wadudu rafiki waliokuwa wakiula.

Tena utitiri si wa aina moja. Upo unaonyonya damu ya kuku, upo unaoishi kwenye vumbi la godoro na haumgusi mtu kwa kumuuma, upo unaochimba ngozi ya binadamu, na upo unaokula unga. Kila mmoja una nyumba yake na dawa yake, na ndiyo maana chupa moja ya "kuua wadudu wote" huniacha na mashaka.

Bandani: hapa ndipo kazi ilipo

Utitiri mwekundu wa kuku hauzidi milimita 1. Kabla ya kula una rangi ya kijivu. Ukishashiba unakuwa mwekundu, baadaye unaelekea weusi. Hunyonya usiku, kwa muda mfupi tu, kisha hurudi kwenye nyufa za mbao, chini ya fito, kwenye viungo vya misumari na ndani ya viota. Ndiyo maana mfugaji anayekagua kuku wake saa sita mchana hataona kitu na ataapa kwamba banda lake ni safi.

Kuku wenyewe husema mapema kuliko karatasi ya chooni. Jioni wanagoma kuingia bandani, au wanalala juu ya paa. Kuku aliyeatamia anayaacha mayai. Vilemba vinapauka, utagaji unashuka, na juu ya maganda ya mayai yanaonekana madoa madogo ya damu, ambayo ni utitiri ulioshiba ukapondwa. Vifaranga wanaweza kufa kwa kuishiwa damu. Mchana tazama maungio ya mbao: ukiona kitu kama majivu yaliyochanganyika na pilipili manga, hayo ni maganda na kinyesi chake.

Usichanganye na utitiri mwingine unaoishi juu ya kuku mwenyewe usiku na mchana. Huo utaukuta ukifunua manyoya karibu na njia ya haja. Manyoya huwa yamechafuka, na wadudu watakupanda mkononi papo hapo. Pale inabidi umtibu kuku. Kwa utitiri mwekundu, kumtibu kuku peke yake ni kufagia maji mtoni, kwa kuwa sehemu kubwa ya jeshi iko ukutani.

Kazi yenyewe ifanyike asubuhi ya siku ya jua. Watoe kuku wote. Toa matandiko na vifaa vya viotani, uvichome au uvifukie mbali na nyumba. Usivirundike nyuma ya jiko kusubiri kesho. Fungua fito zote. Ukikuta ufito umepigiliwa misumari ukutani, ung'oe, kwa sababu uwazi ule mwembamba kati ya ufito na ukuta ndio mji mkuu wao. Kwangua kila ufa kwa kisu au brashi ngumu, kisha mwagia maji yanayochemka, polepole, ufa kwa ufa. Maji ya uvuguvugu ni kuwaogesha tu. Acha banda likauke kabisa.

Ndipo dawa inapoingia, na iwe iliyosajiliwa kwa mabanda ya kuku, kwa kipimo cha kwenye lebo. Ielekeze kwenye nyufa na maungio, si katikati ya sakafu ambako utitiri haupo. Soma pia siku za kusubiri kabla ya kula mayai au nyama. Hili si la kupuuza: mwaka 2017 mayai mamilioni yaliondolewa sokoni Uholanzi na Ubelgiji baada ya kugundulika kwamba mabanda yalisafishwa kwa dawa ya utitiri iliyochanganywa na fipronil, kemikali isiyoruhusiwa kule kwa wanyama wa chakula. Wafugaji wengi walifungiwa mashamba kwa kosa la kumwamini mpulizaji.

Kosa ninalolikuta kila mara ni kupuliza siku moja na kukunja mikono. Mayai yaliyo ndani ya nyufa mara nyingi hayafi kwa dawa ya kwanza, na kwenye joto yai linaweza kuwa utitiri mkubwa ndani ya wiki moja hivi. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, kisha rudia tena. Wengine huamua kuliacha banda tupu mwezi mzima wakidhani njaa itamaliza kazi. Haitamaliza. Utitiri huu unaweza kukaa miezi kadhaa bila tone la damu, ukingoja.

Unaporudisha fito, zisiguse ukuta. Zisimamishe kwenye miguu, na kila mguu uukalishe ndani ya kopo lenye mafuta yaliyotumika, ili anayetaka kupanda aogelee kwanza. Ziba nyufa kwa udongo au saruji. Wawekee kuku sanduku la udongo mkavu uliochanganywa na majivu waogee. Halafu mtego wangu ninaoupenda, ambao hauna gharama: kata kipande cha boksi lenye mawimbi ndani, kifunge chini ya ufito jioni, kiache usiku mmoja au miwili. Utitiri huingia kwenye vile vijimfereji ukidhani umepata nyumba. Kitoe mchana, kitie motoni, weka kingine.

Ndege wa darini na panya

Nyumba isiyo na kuku nayo inaweza kupata utitiri wa namna hii. Chanzo huwa kiota cha ndege chini ya paa au njiwa darini. Makinda yakisharuka, utitiri ulioachwa kwenye kiota unashuka kutafuta damu nyingine. Hivyo hivyo panya: ukiwaua kwa sumu na kuacha viota vyao vimejaa, wiki inayofuata utajikuna wewe. Ondoa kiota kwanza, ukiwa umevaa glovu na barakoa, kifunge kwenye mfuko, ndipo uzibe tundu. Panya mdogo wa nyumbani anahitaji tundu la milimita 6 tu kupita, yaani unene wa kalamu ya risasi.

Kitandani: usioonekana na usiouma

Utitiri wa vumbi una urefu wa robo ya milimita hivi na hula mabaki ya ngozi yetu yanayodondoka kitandani. Hauumi. Mtu akikuonyesha alama za kuumwa na kukwambia ni utitiri wa vumbi, amekosea mtuhumiwa. Madhara yake ni kinyesi chake, ambacho kikivutwa puani huwaletea baadhi ya watu chafya za asubuhi, macho kuwasha, au pumu kuchachamaa.

Hauwezi kunywa maji; unafyonza unyevu wa hewani. Kwa hiyo adui yake ni ukavu. Fungua madirisha, usianike nguo ndani ya chumba cha kulala, anika godoro na mito juani hadi vikauke kisawasawa, kisha uvikung'ute nje. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki, na maji yakiwa ya nyuzi 60 utitiri unakufa. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa ufagio mkavu hulipandisha juu likarudi puani. Dawa ya kupuliza kitandani kwa ajili ya utitiri huu sishauri hata kidogo. Mwenye pumu atapata shida mpya juu ya ile ya zamani.

Upele ni wa kliniki

Kuwashwa kunakozidi usiku, vipele katikati ya vidole, vifundoni mwa mikono, kiunoni na sehemu za siri, na wawili watatu mlio nyumba moja mnajikuna: huo ni upele, na anayeuleta ni utitiri unaochimba ngozi. Anayeupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa huku akiwaambukiza wengine. Nenda kituo cha afya. Familia nzima itibiwe siku moja, hata asiyejikuna, la sivyo mtakuwa mnarudishiana kama mpira. Nguo na matandiko vifuliwe kwa maji ya moto au vifungwe kwenye mfuko kwa siku kadhaa, maana nje ya ngozi ya mtu utitiri huu hufa ndani ya siku 2 au 3. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili tatu baada ya tiba, na hiyo peke yake si dalili kwamba dawa imeshindwa. Dawa ya mifugo usijipake.

Stoo

Unga wenye utitiri hutoa harufu kama ya mnanaa ukiusugua viganjani. Ukiwa na shaka, lundika unga kidogo kwenye sahani, usawazishe juu kwa kisu uwe bapa, uuache. Baadaye ukikuta uso ule umebomoka wenyewe, una wageni. Mzizi wake ni unyevu: nafaka iliyohifadhiwa ikiwa mbichi. Kausha vizuri, hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa, na usimimine unga mpya juu ya wa zamani. Ushauri huohuo unawahusu fukusi.

Wengine kwa haraka

Kunguni ana umbo bapa, rangi ya kahawia, milimita 5 hivi. Mtafute kwenye mishono ya godoro, matundu ya skrubu na nyuma ya picha ukutani. Anaacha madoa meusi kama ya wino. Joto ndilo linalomweza: mvuke, maji yanayochemka kwenye chaga, nguo kufuliwa kwa nyuzi 60. Dawa nyingi za pairethroidi, kundi la dawa za kupuliza zinazouzwa sana madukani, ameshazizoea, na kupuliza ovyo kunamhamishia chumba cha jirani.

Kiroboto anaruka, na huuma zaidi vifundo vya miguu. Anayeuma ni sehemu ndogo. Mayai, viluwiluwi na pupa (kiroboto aliye ndani ya kifuko kabla ya kukomaa) wako kwenye vumbi anapolala mbwa au paka. Pupa hungoja miezi na kuibuka wanapohisi mtikisiko wa hatua, ndiyo sababu nyumba iliyofungwa muda mrefu hukulaki kwa kuumwa. Mtibu mnyama na fagia malazi yake siku hiyohiyo.

Papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hunyonya usiku, na anaweza kuleta homa inayopanda, kutulia na kurudi. Ukiumwa na papasi kisha ukapata homa, mweleze daktari kuhusu papasi bila kusubiri akuulize.

Mende mdogo mwenye mistari miwili nyuma ya kichwa huishi jikoni. Mkubwa mwekundu hutoka kwenye mifereji. Chambo cha jeli kwenye bawaba za kabati kinashinda kupuliza, ila ukipuliza karibu na chambo unamfukuza asile.

Vitu ambavyo havipaswi kuingia chumbani

Vidonge vya kufukizia nafaka vinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo hupita nyufa za mlango na kuua waliolala chumba cha pili. Nimekuta mtu ameviweka chini ya godoro kwa ajili ya kunguni, nikavitoa mikono ikitetemeka. Dawa ya shambani iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda, petroli au mafuta ya taa yaliyomwagwa kitandani, na michanganyiko ya dawa mbili "ili iwe kali" ni za kundi hilohilo.

Yule mama hakununua dawa nyingine ya chumbani. Banda tulilihamishia hatua 20 kutoka ukutani, dirisha likatiwa wavu, fito zikawekwa kwenye makopo ya mafuta, dawa ya banda ikarudiwa mara mbili. Wiki ya tatu alinitumia picha usiku: karatasi nyeupe aliyoipitisha chini ya ufito, ina vumbi tu, na kidoa kimoja chekundu kwenye kona. Nikamwambia arudie dawa mara moja zaidi.