Mgomba wa Mapambo Katika Ua Mdogo: Mahali pa Kuupanda na Nafasi ya Kuuachia

Mche wa mgomba wa mapambo, ukiwa bado ndani ya kiriba chake, humfikia mtu magotini tu, na ndiyo maana wengi huupimia nafasi kwa jinsi ulivyo siku ya kununuliwa. Kinachopaswa kupimwa ni jani wala si shina, kwa kuwa mgomba uliokomaa hutanua majani yake pande zote, na jani linalosugua ukuta huchanika kabla halijapendeza. Kabla ya kuchimba shimo, chukua kamba yenye urefu wa jani lililokomaa la aina hiyo, funga ncha moja kwenye kijiti ulichochomeka mahali unapokusudia kupanda, kisha zungusha ncha ya pili ukichora duara ardhini. Duara likigonga ukuta, bati la kibaraza, kamba ya kuanikia nguo au njia ya kupita, sogeza kijiti. Kamba ya nguo naitaja kwa makusudi, kwani utomvu wa mgomba ukidondokea shuka nyeupe huacha doa la kahawia ambalo sabuni hailiwezi.

Kwa ua wa Pwani wenye mita 4 kwa 5 hivi, naona unaofaa zaidi ni ule mfupi wenye ndizi za waridi, Musa velutina, ambao asili yake ni kaskazini mashariki mwa India. Kwa kawaida haupiti mita 2, na mkungu wake husimama wima badala ya kuning'inia. Ndizi zake ndogo zina manyoya laini kama mahameli, na zikiiva hujimenya zenyewe: ganda hukunjuka vipande vipande na kuacha nyama nyeupe iliyojaa mbegu nyeusi ngumu. Mapambo ya namna hiyo hayafai kufichwa nyuma ya jiko. Yaweke karibu na baraza, mita 1 kutoka ukutani, na kati ya shina na shina acha mita 1.5. Mkulima wa ndizi za kula, aliyezoea mita 3 kwa 3, ataona umebana mno. Lakini yeye anatafuta mkungu mzito, nawe unatafuta majani yanayokutana bila kupigana. Ukipanda mitatu, ipange kwa pembetatu isiyo sawa, maana ikinyooka mstari mmoja ua hugeuka shamba.

Mgomba mwitu, Ensete ventricosum, ni habari nyingine. Huota wenyewe katika milima ya Afrika Mashariki, na nchini Ethiopia hupandwa kwa chakula. Jani lake huweza kufika mita 3 na zaidi, kwa hiyo ua mdogo hauwezi kubeba zaidi ya mmoja, nao uwe mita 3 kutoka kila ukuta. Nafasi hiyo ikikosekana, ni heri kuuacha. Aidha, hustawi vizuri zaidi kwenye ubaridi wa Lushoto au Limuru kuliko katika joto la Dar es Salaam.

Baada ya nafasi, linalofuata ni upepo, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipokosea. Nilipanda wangu wa kwanza upande wa kusini mashariki wa nyumba, sentimita 60 kutoka ukuta wenye lipu ya kukwaruza, na kusi ilipoanza kuvuma majani yakawa nyuzi nyuzi ndani ya wiki mbili. Pwani, panda upande ambao nyumba inaukinga dhidi ya kusi. Uzio wa michongoma hukinga vizuri kuliko ukuta mtupu, kwa sababu michongoma huupunguza upepo unapopenya, ilhali ukuta huurusha juu nao ukashuka upande wa pili ukizunguka. Epuka pia ukuta unaopigwa na jua la alasiri, kwani hutoa joto hadi usiku na kuunguza kingo za majani.

Usipande juu ya mfuniko wa karo, ambao siku moja utahitaji kufunguliwa, wala chini ya dirisha la chumba cha kulala: maji ya mvua hutuama kwenye makwapa ya majani, na mbu hupata pa kuzalia. Mahali maji ya kuogea yanapotokea, ambapo wazee wetu walipanda migomba tangu zamani, bado ni pazuri.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande mwanzoni mwa masika au vuli, changanya udongo wa juu na debe moja la mboji, panda, kisha tandaza nyasi kavu ukiziacha mbali kidogo na shina, kwa sababu fukusi hupenda kujificha hapo.

Velutina huzaa machipukizi mengi, na kila kizazi hutokea pembeni, hivyo shina hutembea polepole kuelekea upande mmoja. Bakiza mama, mtoto na mjukuu; mengine yang'oe kwa sululu yangali mafupi, ukianza na yale yaliyo upande wa ukuta, ili shina litembee kuelekea uwazi. Mgomba mwitu hauna machipukizi: hutoa ua mara moja tu baada ya miaka kadhaa, hukomaza mbegu, kisha hufa, na pengo lake lenye upana wa mita 6 hujazwa kwa mche mpya.